Kioo cha boti kinakupiga mwanga mpaka huoni mbele: jua kwanza mwanga unatokea wapi

Jamani, hii naiandikia manahodha wenzangu wa boti za faiba zenye kioo cha mbele, hasa nyie mnaobeba wageni, kwa sababu naona hili jambo la kioo kupiga mwanga watu wanalivumilia tu kama wanavyovumilia joto la mwezi wa pili, mtu anakunja uso, anachungulia pembeni ya kioo, anaendelea na safari. Na mi nililivumilia miaka. Njia yetu hapa Zanzibar, ya Nungwi kwenda kisiwa cha Mnemba, haina huruma kwenye hili, asubuhi unashuka kusini mashariki na jua liko hukohuko mbele upande wa kushoto, alasiri unarudi kaskazini magharibi na jua nalo limeshahamia huko, na miezi ya kusi, wa sita na wa saba, linatua karibu kabisa na uelekeo wako. Kwenda unapigwa, kurudi unapigwa.

Kilichonifanya nikae nilitafute hili tatizo kwa utaratibu ni ngalawa moja. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, bahari shwari, mwendo kama noti ishirini (maili ishirini za baharini kwa saa), natazama mbele nakiona kioo cheupe kama kimetiwa tui, mara baharia wangu aliyekaa omo, yaani mbele kabisa ya boti, anapiga kelele na kunyoosha mkono, nikakata usukani, ngalawa ya mzee mmoja na kijana wake ikapita ubavuni kwetu karibu kiasi cha kuuona uso wa yule mzee vizuri sana. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini piga hesabu mwenyewe, noti 20 ni kama mita 10 kila sekunde, ukipofuka sekunde 3 umekwenda mita 30 huoni kitu, na ukikaribia Mnemba zipo siku vichwa vya watu wanaopiga snokeli vimetapakaa majini kama vifuu.

Baada ya hapo ndo nikaanza kupima kitu kimoja kimoja, na nilichokuja kuona ni kwamba mara nyingi jua halina kosa, kosa liko ndani ya boti, na kuna aina kama sita za huu mwanga, kila moja na chanzo chake, ukiipa moja dawa ya mwenzake unatoa hela na tatizo linabaki palepale.

Kabla hujatoa hata shilingi: kipimo cha taulo

Tafuta taulo kubwa jeusi, kavu, au fulana nyeusi mbili tatu. Usichukue kitambaa cha baibui kile chenye kumeta, hicho nacho kinarudisha mwanga. Nenda majini saa ileile na uelekeo uleule unaokusumbua, usukani umpe mtu anayejua, mwendo mdogo, alafu tandaza taulo juu ya dashibodi yote kuanzia ukingo wa chini wa kioo mpaka karibu na usukani. Tazama mbele ukiwa pale pale anaposimama nahodha, sio pembeni, kwa sababu ukisogea hata hatua moja mwanga unabadilika.

Ule ukungu mweupe ukiondoka au ukipungua sana, chanzo ni dashibodi, ruka moja kwa moja sehemu inayofuata. Usipobadilika, simamisha boti omo ikitazama jua, mtu aende mbele alitandaze taulo juu ya deki karibu na kioo, tazama tena. Na kama bado, basi huyo wa mbele ashike kipande cha turubai akitie kioo chenyewe kivuli, nusu tu ya kioo. Ile nusu yenye kivuli ikiwa safi na ile yenye jua ikiwa nyeupe, kioo chenyewe ndo kibovu, ama kina chumvi ama kimechanika ngozi. Dakika kumi umemaliza, na umeshajua zaidi kuliko mtu aliyenunua miwani tatu.

Unaiona dashibodi yako ikielea juu ya maji

Hii ndo kubwa, na boti zetu nyingi zinayo. Unatazama mbele, juu ya bahari unaiona picha hafifu ya dashibodi, mistari ya spika, kitako cha dira, karatasi uliyoisahau pale, vyote vimekaa juu ya mawimbi. Kitu chochote cha rangi hafifu kilichoko nyuma ya hiyo picha, kama ngalawa ya mti au kichwa cha mtu, hukioni.

Sababu yake ni ulalo wa kioo. Kioo kikilazwa nyuzi 45, macho yako yakitazama mbele yanaonyeshwa kitu kilichoko chini yake wima, yaani dashibodi. Kioo cha kawaida au pespeksi (ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo) kinarudisha kama asilimia 8 ya mwanga ukikitazama wima, kwa ulalo huo wa nyuzi 45 inafika kama 10, na kikilazwa zaidi, kama vile boti za mtindo wa spoti ambazo kioo kimebaki nyuzi 30 tu toka usawa wa maji, inapanda mpaka kama 16. Utasema asilimia 10 ni kidogo, lakini ni asilimia 10 ya nini? Ni ya jua la Zanzibar limepiga jelkoti (lile tabaka la juu la faiba) nyeupe iliyopigwa polishi. Ikiwa dashibodi ni nyeupe basi hicho kidogo kinatosha kufunika ngalawa.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea na naomba msome taratibu. Dashibodi ina makosa mawili tofauti, weupe na mng'ao. Weupe unaleta ukungu, kioo kizima kinapauka. Mng'ao unaleta doa, sura ya jua lenyewe inakaa kwenye kioo na inachoma. Ukiipiga msasa dashibodi nyeupe mpaka iache kung'aa umeondoa doa ila ukungu upo vilevile, maana nyeupe ni nyeupe. Ukiipaka nyeusi ya glosi umeondoa ukungu ila doa limebaki na sasa linaonekana kali zaidi kwa sababu limekaa juu ya giza. Mi hiyo ya pili ilinipata, nilimwambia fundi "nipakie nyeusi" sikusema zaidi, akapaka nyeusi ya glosi nzuri inayong'aa kama gari la harusi, siku ya kwanza tu baharini nikatamani ile nyeupe. Kwa hiyo ukiagiza sema maneno mawili pamoja: rangi iliyokoza NA isiyong'aa, madukani wanaiita mati.

Kuna njia tatu, nitaanza na ya hela ndogo.

Ya kwanza ni kushona turubai au kitambaa kizito cheusi kilichokatwa kwa umbo la dashibodi. Fundi wa maturubai anayeshona vivuli vya boti anaweza, mpelekee karatasi uliyoikata mwenyewe kwa kuipachika pale juu, na matundu ya dira na skrini uyaache wazi. Kifunge kwa velkro au vifungo vya kubonyeza, usikiache kikae tu, upepo wa noti 25 utakibeba na kikianguka kwenye miguu yako wakati unakata wimbi ni tatizo jingine. Na USIWEKE sumaku kukishikilia. Nimeiona boti kitambaa kimebanwa kwa sumaku nne ndogo na dira iko hapo kati, ile dira ilikuwa inadanganya na mwenyewe hajui. Faida ya kitambaa ni kwamba kikilowa chumvi unakitoa unakifua, hasara yake hakidumu, jua linakipausha na kikipauka kinarudi kuwa cheupe kidogokidogo hata hushtuki.

Ya pili ni ile mikeka ya povu ya EVA inayobandikwa kwenye deki za boti. Chagua kijivu kilichokoza, sio ile rangi ya mbao hafifu. Inabandikwa yenyewe kwa gundi yake lakini jelkoti lazima uisafishe mafuta yote kwanza, la sivyo inaanza kufunuka kwenye kona ndani ya mwezi. Mi sasa hivi ninayo hii na nimeridhika nayo.

Ya tatu ni rangi. Hii ikifanywa vizuri inakaa miaka, ikifanywa vibaya inabanduka kama ngozi ya nyoka. Boti nyingi zimepigwa nta, na nta imeingia kwenye jelkoti, kwa hiyo osha kwa sabuni, kausha, futa kwa thina na kitambaa safi ukibadilisha kitambaa kila mara, NDO upige msasa, namba 220 alafu 320, ukianza na msasa kabla ya kufuta nta unaisukumia ndani. Alafu praima ya epoksi, alafu rangi ya poliurethani ya mati. Mtu wa kupuliza rangi afunike kioo kwa karatasi nzito na tepu kila upande, na zaidi ya yote kama kioo chako ni pespeksi usiruhusu thina iguse hata tone, nitaeleza chini kwa nini. Ikiwezekana kifungue kabisa kioo.

Nyeusi kabisa au kijivu? Mi nasema kijivu cha mkaa. Tofauti kwenye kioo ni ndogo sana lakini tofauti kwenye joto utaisikia, dashibodi nyeusi saa saba mchana boti ikiwa imefungwa boyani huwezi kuweka mkono, simu ukiisahau pale inajizima yenyewe, na skrini za jipiesi nazo hazipendi kukaangwa. Kama una paa la kivuli juu basi nyeusi sio mbaya sana, maana jua la mchana halifiki pale, linaingia tu asubuhi na jioni likiwa chini.

Na kitu kimoja kidogo ambacho kinaharibu kazi yote. Vijana wanaoosha boti wanapenda kumalizia na ile dawa ya kung'arisha dashibodi za magari, wanadhani wanakupendezesha. Ile ina silikoni, inaacha utelezi unaong'aa, na ukiipaka juu ya rangi ya mati umelipia mati bure. Mi kijana wangu nimemwambia juu ya dashibodi maji na sabuni basi, nta na polishi ziishie ubavuni.

Doa moja kali linalotembea boti ikigeuka

Kama sio ukungu bali ni nukta au mstari unaochoma, na ukigeuza omo kidogo unahama au unapotea, tafuta kitu kinachong'aa, kimoja tu. Njia ya kukipata: simamisha boti kwenye uelekeo ambao doa linaonekana, alafu funika kitu kimoja kimoja kwa mkono au kofia mpaka litoke. Pete ya krome ya geji, kitovu cha usukani, skrini ya jipiesi, kishikio cha glasi, fremu ya pua kwenye ukingo wa kioo. Nje ni mabomba ya stenlesi ya omo, kiliti za kufungia kamba, honi, nanga yenyewe kama ni ya stenlesi.

Vitu vya ndani unaweza kuvibandika tepu nyeusi ya kitambaa, sio ile ya umeme inayong'aa, au ukavipaka mati. Skrini iinamishe, mara nyingi nyuzi chache tu zinatosha kulitupa doa mahali pengine, au iwekee kofia, kibati cha pembeni cheusi kama kope. Mabomba ya stenlesi mi sishauri kuyapaka rangi kwa sababu rangi haikai na chini yake kutu inajificha, bora uyavishe kipande cha kamba nyembamba kwa kuzungusha pale penye kung'aa, mabaharia wetu wanajua kusuka hivo vizuri na kinapendeza pia.

Kioo kizima kinakuwa kama maziwa ukilitazama jua

Hapa taulo halikusaidia kitu, lakini kivuli juu ya kioo kilisaidia. Ukiliacha jua nyuma kioo ni safi kabisa, ukigeuka kulitazama kinafunga.

Anza na chumvi kwa sababu ndo rahisi. Wakati wa kaskazi ukirudi na mawimbi ya pembeni, rasharasha inakauka kioo mpaka kinabaki na unga, na kila punje ya chumvi inautawanya mwanga. Mwagia maji matamu mengi kwanza, mengi kweli, uache yateremke na chumvi. Kosa tunalofanya wote ni kuchukua kitambaa na kufuta kikiwa kikavu au kwa kitambaa chenye unyevu wa bahari, ile chumvi ni kama mchanga, unakipiga kioo msasa kwa mkono wako mwenyewe kila siku. Baada ya maji tumia sabuni ya vyombo kidogo na mkono wako au kitambaa laini cha maikrofaiba, suuza, kausha kwa kugusagusa. Mi natembea na dumu la lita 5 la maji matamu la kioo peke yake, hakuna ruhusa ya kulinawia miguu.

Ukishaosha na bado kimefunga, peleka jicho karibu. Ukiona mistari myembamba ya duara kama utando wa buibui kuzunguka sehemu jua linapopiga, ni mikwaruzo ya kufuta. Ukiona nyufa ndogondogo NDANI ya kioo, kama zimechorwa kwa sindano, hazishikiki kwa ukucha, hiyo ni pespeksi iliyochanika ngozi, na mara nyingi imeuliwa na dawa: spiriti, thina, asetoni, petroli, au ile dawa ya bluu ya kusafishia vioo vya nyumba yenye amonia. Hivi vitu vinaipasua pespeksi taratibu, leo umesafisha kimependeza, baada ya miezi kinaanza kuota nyufa. Mafuta ya jua ya wageni nayo yasikae, mgeni akishika kioo kwa mkono wenye mafuta osha siku hiyohiyo.

Mikwaruzo ya pespeksi inatibika. Msasa wa maji, namba 800 kama imezama sana, alafu 1000, 1500, 2000, kila hatua ukipeleka mkono upande tofauti na uliotangulia ili ujue mikwaruzo ya zamani imekwisha, maji yasikauke, alafu polishi ya plastiki kwa kitambaa laini. Usichimbe sehemu moja, utatengeneza bonde na bonde linapinda picha, ukitazama boya linaonekana linacheza wakati limetulia. Kama kioo ni polikaboneti, plastiki ya aina nyingine, usiguse msasa, ile ina ngozi ngumu juu yake, ukiitoa imekwisha. Na zile nyufa za ndani hazina dawa, badilisha kioo.

Wale wenye mapazia ya plastiki laini yanayoangaza, ya kuziba upepo chini ya paa, ni habari hiyohiyo, yakishakuwa njano na kupauka hakuna polishi itakayoyarudisha, yafungue uyakunje wakati wa jua la mbele, na unapoyakunja yawe makavu na hayana chumvi katikati.

Unajiona mwenyewe

Boti zenye kioo kilichosimama karibu wima, hizi za kibanda au za konsoli ndefu, haziakisi dashibodi sana, zinakuakisi wewe. Kioo kikisimama unaona kilichoko nyuma, yaani fulana yako nyeupe ya kampuni, jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, benchi jeupe, wageni. Nahodha mwenzangu mmoja alihangaika na dashibodi miezi, akapaka rangi mara mbili, kumbe ni shati. Vaa fulana iliyokoza ukiwa usukanini. Jaketi la kuokolea usilivue kwa ajili ya hili, likiwa linang'aa sana vaa la rangi ya bluu iliyokoza au jeusi lenye mkanda mdogo wa kurudisha mwanga mabegani, wageni wabaki na ya chungwa.

Angalia pia juu. Kama chini ya paa lako pamepakwa nyeupe ya glosi, jua la asubuhi linapiga maji, linaruka mpaka kwenye dari, linashuka kwenye dashibodi na kwenye kioo. Dari ya mati, rangi ya kijivu hafifu, imetosha.

Miwani nimenunua lakini haisaidii, au skrini imekuwa nyeusi

Miwani ya polaraidi ni nzuri sana na kila nahodha anayepita juu ya miamba awe nayo, unaliona fungu na mwamba chini ya maji kama hakuna maji. Lakini ijue kazi yake. Inakata mwanga ulioruka kwenye kitu kilicholala, maji au kioo kilicholazwa sana. Kioo chako kikiwa kimelala nyuzi kama 34 toka usawa wa maji ile picha ya dashibodi inafutika karibu yote ukiivaa. Kikisimama wima miwani inapunguza mwanga wote sawasawa, mzuri na mbaya, hapo umevaa giza tu. Ndo maana mwenzako anaisifia na wewe huoni faida, boti zenu hazifanani. Na ule weupe kama maziwa wa chumvi na mikwaruzo miwani haiutibu.

Skrini ya jipiesi au ya simu ikiwa nyeusi ukiwa umevaa, inamisha kichwa begani kwako, ikirudi basi skrini ni nzima, ni polaraidi mbili, ya miwani na ya skrini, zimepingana. Kabla ya kununua yoyote kati ya hivo viwili vipime pamoja dukani, vaa miwani, igeuze skrini wima na ulalo. Na ukiona rangi za upinde wa mvua kwenye kioo cha boti ukiwa umevaa, hiyo ni plastiki ya kioo ikionyesha ilivyobanwa, haina madhara ila inachosha macho.

Kofia yenye ukingo, na chini ya ukingo pawe na rangi iliyokoza, ina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kuweka tinti nyeusi kwenye kioo cha mbele sikubaliani nako hata kidogo, jioni likizama jua, huku kwetu giza linaingia haraka, utakuwa unaendesha umefumba macho.

Usiku

Usiku mchezo unageuka, dashibodi nyeusi haikusumbui, taa zako ndo zinakusumbua. Jicho linahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kulizoea giza, na mwanga mmoja mkali wa sekunde chache unakurudisha mwanzo.

Zima taa za mapambo, zile nyuzi za LED za bluu zilizopita chini ya benchi, boti ikiwa inatembea zisiwake. Skrini ishushe mwanga mpaka chini kabisa na uweke rangi ya usiku, kama bado unaiona kwenye kioo itupie kitambaa uwe unafunua unapohitaji. Simu za wageni waombe kwa upole wazigeuze. Taa ya ndani iwe nyekundu na hafifu.

Ugumu uko kwenye taa za njia. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zinaruhusu boti ya injini iliyo chini ya mita 12 kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote pamoja na taa za ubavuni, nyekundu na kijani. Ile nyeupe ikiwa fupi inamulika deki na kioo toka nyuma, kwenye kioo unaona ya nyuma yako. Dawa ni kuirefusha mlingoti ipande juu ya paa, na chini yake uweke sahani nyeusi ya mati inayozuia mwanga kushuka kwenye deki lakini haikati mwanga unaokwenda pembeni. Usiizibe upande hata mmoja kwa tepu, nimeona watu wanafanya, mwenye boti nyingine hakuoni na hutajua. Taa za omo zikimulika mabomba ya stenlesi au deki nyeupe, weka kibao cheusi cha mati upande wa ndani, kanuni hizohizo zinazitaka meli za mita 20 na kuendelea ziwe na vibao hivo vya ndani vilivyopakwa nyeusi isiyong'aa, na kwa boti ndogo inasaidia vilevile. Ukishaweka, mtu ashuke kwenye mtumbwi akuzunguke ahakikishe nyekundu na kijani zinaonekana toka mbele kabisa mpaka nyuma kidogo ya ubavu, nyuzi 112 na nusu kila upande.

Deki ya mbele na maji yenyewe

Taulo la nje likisaidia, deki yako ya mbele ndo inakumulika, hasa kama imepigwa polishi. Hapa huhitaji nyeusi, watu wanatembea peku, miguu itaungua. Rangi ya kuzuia utelezi, ile yenye chenga, ya kijivu hafifu au ya mchanga, inautawanya mwanga na inawazuia wageni wasianguke, umefanya mawili. Mita moja na nusu ya mwisho karibu na kioo ndo muhimu zaidi.

Yakiwa ni maji tu, jua liko chini na bahari imekuwa sinia la shaba, hakuna rangi utakayopaka. Geuza uelekeo nyuzi 20 au 30, nenda kwa mshazari alafu rudi, utaongeza dakika chache. Punguza mwendo. Baharia akae omo nje ya kioo, na mkubaliane ishara za mkono kabla, maana kelele ya injini mbili inameza sauti. Mi wakati wa jarife zikitegwa usiku na wenye nyavu wanarudi alfajiri siondoki Nungwi mpaka jua lipande kiganja kimoja na nusu juu ya bahari, wageni nawaambia kiamshakinywa kwanza.

Ukimaliza kazi yoyote kati ya hizi, safari ya kwanza toka bila wageni, saa ileile na uelekeo uleule wa kipimo cha taulo, na umtume mtu na ngalawa au mtumbwi mbele yako kama mita 200, akae tu. Ukimwona toka mwanzo bila kuchungulia pembeni ya kioo, beba watu.